Maksai wa Upande wa Kulia

Hapa Namuwongo wanamwita Ojera "Profesa wa Ng'ombe", halafu wanacheka. Wacheke. Mimi ndiye ninayeuza katogo kwenye geti la machinjio, ndizi na matumbo asubuhi na mapema, na ndiye ninayewajazia sahani hao hao wanaocheka. Nawaambia kila siku, mdomo ukishiba usiseme upuuzi. Hawasikii. Wanaona mtu mzima kando ya reli amejitia nira shingoni, upande wa pili wa nira kuna ng'ombe mchanga, wanatembea wawili hao kwenda na kurudi, basi wanasema akili yake imeruka. Akili yake haijaruka. Nitaisema mimi habari yake, maana yeye mwenyewe hasemi.

Ojera ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Mimi nilikulia kambini, nikaolewa kambini, ndiyo maana Kiswahili hunitoka mdomoni kabla ya Kiacholi. Mume alipokufa nilibaki hapa Kampala na mwanangu Kidega. Ojera alibaki kwetu kaskazini, mbele ya Gulu, kijiji kilicho kando ya mto, pamoja na mkewe Aciro, watoto wao, na mama mkwe wangu. Mji hakuutaka kabisa. Akija kututembelea, kesho yake tu anauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Namwambia, "Shemeji, hata chai hujamaliza!" Anajibu kwamba magugu hayasubiri mtu anywe chai.

Kisha mto ukafurika. Sisemi mvua ya kawaida, hiyo tumeizoea. Mto uliacha njia yake, ukaingia nyumbani kwa watu, ukakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Ulipoondoka uliondoka na mbuzi, kuku, ghala za mtama na mbegu zilizokuwa ndani. Ng'ombe wa Ojera wa kulimia walikutwa chini kabisa kwenye matete, wamevimba, miguu juu. Watu wakatafutana, wakamshukuru Mungu kwamba wanadamu wamepona. Halafu wakatazamana. Tumepona, haya, tule nini?

Usiniambie maksai ni mnyama tu. Kwetu ardhi ni nzito na mashamba ni mapana. Mwenye plau na jozi ya maksai hulima akawahi mvua, akalima na ya jirani. Mwenye jembe la mkono hukatua kipande karibu na nyumba, na kipande hicho hakilishi watoto mpaka mavuno mengine. Kwetu ukitaka kujua nani atalala njaa mwakani, angalia zizi lake mwaka huu.

Shirika moja likaja kusaidia. Silisemi vibaya, lilifanya kazi nzuri. Kila kikundi cha majirani kilipewa maksai wawili wachanga, plau na nira. Masharti yalisomwa mbele ya watu wote kwenye uwanja wa shule: msiwauze, msiwachinje, mlimiane kwa zamu. Kikundi chetu kilimchagua Oyat, jirani, awe mwenyekiti, na wanyama wakakabidhiwa Ojera awafundishe, kwa kuwa hakuna mkono wa kufundisha ng'ombe kama wake pande zile.

Akawapa vyeo vya jeshi, kwa kumkumbuka kaka yake. Yule mwenye pembe zilizopinda akawa Sajini. Mwenzake, mwekundu mwenye doa jeupe shavuni, akawa Koplo. Amri zao nazo zilikuwa za kambini. Akisema "Mstari!" wanaingia kwenye mfereji wa plau na kunyooka. Waswahili husema fahali wawili hawakai zizi moja. Aliyesema hivyo hakuwaona hawa. Sajini alifundishwa kushoto, Koplo kulia, na maksai akishafundishwa upande wake ndio huo huo mpaka afe. Hata wakienda kunywa maji bila nira walikwenda hivyo, Sajini kushoto, Koplo kulia, bega kwa bega. Nilikwenda Krismasi nikawaona kwa macho yangu. Nikasema, "Shemeji, hawa wanapendana kuliko wewe na Aciro." Aciro akadakia, "Afadhali wao, hawarudishiani maneno." Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa.

Mwaka ule walivuna. Aciro alinitumia simsim kwa basi, gunia limeshiba mpaka mshono unalia. Nikagawia hata majirani.

Kile kikohozi cha mama ndicho kilichomuua. Nikapanda basi kwenda kuzika. Nikakuta uani watu wamejaa, na jikoni vyungu vitupu. Ami yake Ojera, mzee Oola, ndiye aliyekuwa anaendesha mambo, na mzee huyo Mungu amempa sauti bila kumpa haya. Akasema mbele ya wote, "Mwanamke huyu alizaa wanaume. Hatutamzika kwa maharagwe." Akageuza uso akatazama zizini.

Kwetu mzee akizikwa bila ng'ombe, aibu hiyo inawafuata watoto wake mpaka uzeeni. Watu wametoka mbali kwa miguu, wakwe wamefika, utawapa nini, pole? Zamani zizi lingetoa dume na hakuna ambaye angeulizwa. Sasa zizini walikuwemo Sajini na Koplo tu, nao hawakuwa wa Ojera peke yake.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana wengi wamepotosha. Ojera hakuiba. Alisimama mbele ya watu wa kikundi, kaburi likiwa wazi, akasema, "Ndugu zangu, ng'ombe hawa ni wetu sote. Mkisema hapana, tutazika kwa maharagwe, na aibu itakuwa yangu." Oyat akainamisha kichwa akasema, "Mama ni wetu sote pia. Chinja." Na wengine nao, mmoja baada ya mwingine, chinja, chinja. Ojera akamshika kila mmoja mkono akamshukuru, machozi yanamtoka.

Kosa lake ni hilo, na ni kosa ambalo sisi tu tunaweza kulifanya. Kwetu mfiwa hakataliwi kitu. Akitaka maji anapewa, akitaka shati lako unalivua. Mbele ya kaburi lililo wazi neno "hapana" halipo, na atakayelisema watanong'ona kwamba ndiye aliyemla marehemu kwa uchawi. Ile "chinja" ya Oyat haikuwa ruhusa, ilikuwa pole. Kila mtoto wa kwetu anajua hivyo, na Ojera alijua. Lakini siku mama yako amelala mkekani, akili nayo inalala. Alipewa pole, akadhani amepewa ng'ombe.

Sajini akaliwa. Waliokula walikula vizuri, wakalamba na vidole. Oyat alipewa paja zima.

Mvua zikaja. Wakamfunga Koplo nira peke yake. Masikini, alijaribu. Alivuta hatua mbili tatu, akapinda kwenda kushoto, akawa anamtafuta mwenzake pale alipozoea bega lake. Wakampiga, akapinda tena. Jozi ya kuazima haikupatikana, maana kila kikundi kilikuwa na mashamba yake ya kuwahi. Majira ya kulima yakawapita. Njaa ilipoanza kubisha hodi, midomo ile iliyolamba vidole ikafunguka. Ojera amekula ng'ombe wetu! Ojera ametuua! Ojera akawakumbusha kwamba aliwauliza. Oyat akamjibu, "Ulituuliza kaburini. Nani angekukatalia kaburini?"

Neno hilo lilimkata. Angekuwa ametukanwa angerudisha tusi. Lakini hili lilikuwa kweli. Wakamtoa kwenye kikundi. Koplo akahamishiwa kwa Oyat. Aciro akifika kisimani wanawake wananyamaza, wanashika vitu vyao wanaondoka. Mwishoni Oyat akatamka mbele ya wote: Ojera akileta ng'ombe mwenza wa Koplo kabla ya mvua za mwaka unaofuata, jozi itakamilika, naye atarudi kwenye kikundi na shamba lake litalimwa. Koplo atatunzwa amsubiri. Wote wakasema sawa. Safari hii hapakuwa na kaburi, kwa hiyo Ojera akaamini.

Hivyo ndivyo mtu aliyeuchukia mji alivyokuja kulala kwenye mkeka wangu hapa Namuwongo. Majirani wakaanza lao: "Mama Kidega, shemeji amekuja kukurithi?" Nikawaambia mimi si sufuria, sirithiwi. Nikampeleka kwa Bisimwa, Mkongomani anayesimamia watu wa kamba pale machinjioni, naye akampa kazi. Unajua kazi gani? Kuwatoa ng'ombe zizini na kuwaongoza mpaka sakafu ya kuchinjia, anaposubiri sheikh na kisu chake. Mtu anayetafuta ng'ombe mmoja wa kuishi naye, kila asubuhi anawapeleka wengine kufa. Mungu naye ana mambo.

Lakini hakuwapiga. Wenzake walivuta mikia na kutwanga fimbo, yeye aliwasemesha kidogo, akatangulia, wakamfuata. Bisimwa alikuwa akimtania, "Mama Kidega, uyu shemeji yako ni padri, anawaungamisha kwanza." Hata sheikh alimpenda, kwa sababu mnyama wa Ojera alifika ametulia.

Hakunywa pombe, hakununua hata shati. Alipokwisha kuweka akiba ya kutosha akapata dume changa lililoshushwa kwenye lori likiwa mgonjwa, limekonda hata mwenye nyama hakulitaka. Akatoa alichokuwa nacho chote. Akamfunga nyuma ya chumba changu, karibu na reli, akamwita Kuruta. Mimi nilipiga kelele, nani ataishi na mavi dirishani? Kesho yake nikajikuta nazunguka kwa wauza ndizi naomba maganda ya matoke ya kumlisha.

Ojera akamfundisha upande wa kushoto, nafasi ya Sajini. Sasa maksai wa kulia atatoka wapi hapa mjini? Akachonga nira ya mti, akajitia mwenyewe upande wa kulia. Yeye ndiye akawa Koplo. Alfajiri kabla ya kazi, "Mstari! Geuka!", mtu na ng'ombe bega kwa bega kando ya reli, na watoto wa Namuwongo nyuma yao wanashangilia. Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na hapo ndipo lilipozaliwa lile jina la Profesa. Yeye hakujali. Kuruta akaanza kunyooka, akaota nyama, macho yakang'aa. Otim, dereva wa lori linaloleta ng'ombe kutoka kaskazini, akakubali kuwarudisha wote wawili lori likiwa tupu. Aciro aliambiwa kwa simu. Ojera alinunua kamba mpya, nyeupe, akaikunja akaiweka chini ya kichwa chake kama mto wa kulalia. Sikuwahi kumwona na furaha tangu msiba ila siku zile.

Siku ya safari, Otim akafika asubuhi na mzigo wake. Mimi nilikuwa ndani ya geti napelekea watu wa kamba chai. Ojera alikwenda kwenye lori kutazama Kuruta atasimama wapi. Ng'ombe walikuwa wanashushwa. Wa mwisho alikuwa mwekundu, mkubwa, na shavuni ana doa jeupe.

Ojera akasema polepole, "Koplo."

Ng'ombe akageuza kichwa.

Birika liliniponyoka, chai ikamwagika miguuni kwangu, sikusikia moto wake. Ojera alikwenda akashika ile shingo, akapapasa pale nira ilipoacha kovu. Alitoa simu akampigia mkewe, na kwa kelele za pale akaiweka kwenye sauti kubwa, tukasikia wote.

"Aciro, Koplo yuko wapi?"

Aciro akauliza kama lori limeshaondoka.

"Aciro."

"Wamemuuza," alisema. "Oyat alisema wewe umeshapotelea mjini, huji tena. Wakagawana."

"Na wewe?"

"Walinipa fungu langu. Nilinunua unga, baba. Watoto wako walikuwa wanalala njaa, ningefanya nini? Nilishindwa kukuambia. Kila ukipiga ulikuwa unaongea habari za Kuruta."

Mimi ningetukana. Kwa kweli nilitukana, nilitukana hapo hapo, nikamtukana Oyat na uzao wake, nikasema watu gani hawa, wa kwanza wamemla kwa nyama, wa pili wamemla kwa noti, na bado wataenda kanisani Jumapili! Ojera alisubiri ninyamaze. Akamwambia mkewe, "Umefanya vizuri kuwapa watoto chakula." Akakata simu.

Akaenda kwa mwenye ng'ombe. Nilimfuata. Shemeji yangu hajui kuomba, lakini siku hiyo aliomba. Akasema amchukue Kuruta, achukue na ujira wake wote ujao, amwachie huyu, kisha atamtafutia mwenzake polepole. Yule tajiri si mtu mbaya. Alikuja mpaka kwenye reli, akamtazama Kuruta, akampapasa mbavu. "Ssebo," alisema kwa adabu ya Kiganda, "huyu bado ni mifupa. Nyama ya yule mwekundu imeshaahidiwa, kuna arusi Ntinda. Mimi nilinunua ng'ombe, sikununua jina lake." Bisimwa naye alijaribu kumsemea, kwa Kiswahili chao cha Kongo chenye adabu, mpaka akachoka. Tajiri alikuwa akitazama saa.

Zamu ya Koplo ilipofika hakutaka kutoka zizini. Alisikia damu. Vijana wakaanza, mmoja anakunja mkia, mwingine anatwanga mgongo, na Koplo amekaza miguu, macho meupe. Ojera alikuwa amepewa ruhusa aende nyumbani. Bisimwa mwenyewe ndiye aliyemwambia aende. Alikuwa ameshafika getini aliposikia fimbo.

Akarudi. "Acheni," alisema. "Acheni, huyu hapigwi."

Wakaacha. Akavua kamba shingoni mwa Koplo, akasimama mbele yake, akasema kwa sauti ile ile ya shambani, "Koplo, mstari."

Koplo akalegea, akatoka. Walipofika sakafuni, pale katikati ambapo pete ya kamba imechimbiwa, Koplo hakusimama katikati. Alisogea kulia mpaka ubavu ukagusa ukuta. Wakamsukuma arudi, akarudi kulia. Sheikh akauliza, "Huyu mbona hataki kukaa katikati?"

"Amemwachia mwenzake nafasi," Ojera alisema.

"Mwenzake yuko wapi?"

Ojera aliingia mwenyewe ile nafasi ya kushoto, akaliweka bega lake kwenye bega la Koplo, mkono juu ya shingo pale kwenye kovu. "Mstari," alisema. Wakatembea wawili hao mpaka kwenye pete, Koplo ametulia tuli. Sheikh alisema bismillahi, na sauti yake haikuwa ya kila siku. Mimi nilijifunika uso kwa kanga.

Jioni Otim alipiga honi pale kwenye reli, mara moja, mara mbili. Ojera alitoa kichwa mlangoni, akamwambia aende zake. Ampeleke Kuruta wapi? Maksai mmoja halimi, na aliyeahidi kumtunza wa pili ndiye aliyemuuza. Ile kamba nyeupe ilibaki imekunjwa vile vile.

Bisimwa amemshauri amuuze Kuruta, maana siku hizi amenenepa na tajiri yule yule ameanza kumtazama kwa jicho jingine. Hataki. Kila alfajiri anajitia nira upande wa kulia, wanatembea kando ya reli, na watu wanacheka. Mimi nikimwuliza, "Shemeji, unamfundishia shamba gani?" ananiambia asipofundishwa atasahau. Basi. Ndiye huyo mnayemwita Profesa.

Jana Aciro alipiga simu kusema mvua imeanza kwetu. Ojera akamwuliza kama ardhi imelainika. Akasema imelainika. Akamwambia achukue jembe la mkono, aanzie pale karibu na nyumba.